Mgongo Usio na Vumbi

Kila nikisikia harufu ya mbata, zile nazi zilizokaushwa, humkumbuka mjomba wangu: kanzu safi, maneno mengi, akili haba. Nyumbani kwetu Pangani tulifuga paka wa kutulindia mbata dhidi ya panya, na wakati huo alikuwa ananyonyesha. Ijumaa moja, wageni wakinywa kahawa barazani, mjomba aliwaambia kwamba paka haangukii mgongo hata umtupe kutoka wapi, kwa kuwa Mtume aliupapasa mgongo wake. Hakuna aliyembishia, ila yeye hakutosheka kukubaliwa. Alimbeba paka hadi ghorofani, akamtupa dirishani.

Paka alitua kwa miguu. Kisha kidevu kikagonga jiwe la baraza.

"Wewe, hebu njoo umtazame mgongo," mjomba aliniita. "Una vumbi?"

Niliupapasa, nikatazama kiganja changu.

"Hauna, mjomba."

Akacheka, akaomba kahawa nyingine. Wale wazee wenye ndevu wakaitikia kwa vichwa, kama watu waliofasiriwa kitabu.

Alasiri nilimkuta paka ghalani juu ya magunia ya mbata, amekufa, amekauka. Watoto wake watatu walikuwa bado wananyonya.