Jioni ya Tatu Msilete Pesa

Mikono ya Argiro Vardaki imezama kwenye unga mpaka viwikoni, na simu ya hoteli ameibana kati ya sikio na bega. Ni Jumatatu asubuhi, mvua ya kwanza ya Oktoba imeshanyesha, na jikoni kwa Hoteli Murnia tanuri limeanza kushika moto. Upande wa pili wa simu yuko kijana wa Athene anayetaka kumleta mkewe mapumzikoni huku kwenye milima ya kisiwa cha Krete bila kufilisika.

"Mna gari?" Argiro anauliza.

Kijana anajibu kwamba watakodi wakishafika.

"Mkodi la nini? Hebu tulia. Gari litakaa hapo chini ya mforosadi siku nne linanyewa na ndege, na wewe unalilipia. Basi linapanda saa saba mchana, na dereva ni shemeji yangu. Mwambie unakuja kwa Argiro, atakushusha mlangoni."

"Na chumba cha kuona bonde?"

"Bonde liko nje, mwanangu, halina kiingilio. Chukua cha nyuma, ni yuro thelathini badala ya arobaini na tano. Kengele za mbuzi zitawaamsha mapema, lakini watu waliooana juzi wana haja gani ya kulala?"

Kijana anacheka. Halafu anaulizwa kama mkewe huoga asubuhi au alasiri, na kicheko kinakatika ghafla.

"Si umbeya, ni swali la kazi," Argiro anamtuliza. "Maji yetu yanachemshwa na jua, pipa liko juu ya paa. Anayeoga alasiri anaoga kama bwana harusi. Anayeoga asubuhi tunamsikia kijiji kizima."

Wanapanga siku ya kwanza, wanapanga ya pili. Kijana anauliza jioni ya tatu wale wapi kwa bei nafuu. Argiro anasimamisha mikono ndani ya unga.

"Hiyo ngoja kwanza," anasema. "Hiyo ina maneno yake. Nipigie mikate ikishaingia tanurini."

Argiro ana miaka hamsini na nane, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza hapa, katika hoteli ya vyumba tisa inayotazama kijiji cha Prinari. Aliajiriwa kutandika vitanda. Mpishi alipoondoka akapewa na sufuria, na aliyekuwa akipokea simu alipoolewa mjini akapewa na simu. Mshahara ulikuja nyuma ya kazi hizo ukichechemea, na leo ni yuro mia nane na arobaini kwa mwezi, mikate ya nyumbani kwake ikiwa juu ya hoteli.

Kazi anayoipenda kuliko zote ni hii ya simu. Mtu akimpigia na kutaja kiasi alichonacho, Argiro hukichukulia kama kitambaa kidogo kilicholetwa kwa fundi mzuri. Hasemi hakitoshi. Anakigeuza huku na huku mpaka gauni lipatikane.

"Mgeni mwenye pesa nyingi mwakani anakwenda kwingine," anasema. "Mwenye kidogo ukimtunza anarudi, tena anakuja na dada yake."

Bosi wake, Bwana Stratis, mjane mpole anayeogopa bili kuliko anavyoogopa radi, haoni hivyo. "Huyu atashusha bei mpaka siku moja mimi ndiye nitawalipa wageni waje kulala," hulalamika, kisha huketi mezani kula mkate wa Argiro na kunyamaza.

Lakini mwaka jana, majira kama haya, Stratis hakuwa na utani. Watalii wa pwani walikuwa wamekwisha, kuni zilikuwa zimepanda bei, na usiku kadhaa mfululizo hoteli ilikuwa imelaza paka peke yake. Alirudi kutoka mjini na kufuli jipya, kubwa, la shaba, akalitundika kwenye ubao wa funguo, penye ndoana ya chumba namba moja.

"Kuanzia Novemba nafunga mpaka Pasaka," alisema. "Argiro, dada yangu, sina namna."

Argiro anasema aliliangalia lile kufuli. Alijua vizuri kinachofuata. Miaka ya shida kubwa ya uchumi, hoteli ilipowahi kufungwa, alishuka mjini Iraklio akawa anaosha ngazi za majumba ya ghorofa na kulala kwenye kochi la binamu yake. Kuku wake aliwagawa. Mumewe alikuwa ameshafariki, binti yake ameolewa mbali, na hakuna aliyekuwa akimsubiri juu ya ngazi hizo wala chini yake.

"Ngazi hazikujui jina," anasema. "Unaziosha, mtu anapita na viatu vyake vya matope, hakusalimii. Mimi nimezoea watu wanaoniuliza chumvi iko wapi."

Alimwomba Stratis kitu kimoja tu. Wiki hiyo alikuwa amepigiwa simu na chama cha matembezi cha wanawake wastaafu wa Pireo, bandari ya Athene, kumi na wawili, waliotaka kulala siku nne kwa bei ambayo Stratis aliposikia aliketi chini. Argiro akasema awapokee hao, awape mapumziko mazuri, wakiondoka waahidi kurudi na wenzao wakati wa baridi.

"Haya," Stratis alijibu. "Wakiahidi kurudi, sifungi. Wakiondoka wamenuna, kufuli linashuka."

Mtunza hazina wa wale kina mama aliitwa Theopisti. Alikuwa ameuza tiketi za treni maisha yake yote na hakuamini neno la mtu ambaye hajatoa risiti. Yeye na Argiro walipigiana simu wiki nzima, wakivutana kama wanawake wawili wanaokunja shuka moja. Walikubaliana kuhusu meli ya usiku, viti badala ya vyumba. Walikubaliana kulala watatu watatu. Jioni ya kwanza ilikuwa dengu na mboga za mwituni, ya pili konokono wa siki kwa wanaothubutu na mayai kwa waoga.

"Na ya tatu?" Theopisti aliuliza.

"Ya tatu msitenge hela ya chakula. Jirani anawasha mtambo, tunakula kwake."

"Anatoza kiasi gani?"

"Hatozi."

"Dada, bure ni ghali."

"Huku si ghali. Njooni tu."

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Prinari siku ya tatu, kama imeangukia msimu wa mitambo, mgeni hupewa glasi. Kila vuli, zabibu zikishakamuliwa, maganda yake hutiwa kwenye mtambo, chungu kikubwa cha shaba, na kuchemshwa mpaka yatoe raki, pombe kali ya huku. Kwingine duniani watu hukimbizana na polisi kwa kinywaji cha namna hiyo. Hapa serikali hutoa kibali, kila familia hupewa siku yake, na siku hiyo mlango huwa wazi. Viazi huchomwa majivuni, makomamanga hupasuliwa, nyama huwekwa juu ya makaa, na apitaye njiani huitwa aingie hata kama ni mtu aliyekuibia mbuzi.

Mtambo wa jioni ile ulikuwa wa Manousos, mzee wa masharubu meupe, baba wa ubatizo wa binti yake Argiro. Mtoto akishabatizwa, watu wa huku huitana mzazi mwenzangu, na undugu huo haufi.

Mambo yalianza vizuri mno. Kina mama wa Pireo walikula, wakavua viatu, wakacheza kwa kinanda cha mwanakijiji mmoja. Mmoja alimfundisha Stratis hatua za ngoma za kwao, na Stratis, ambaye hakuwa amecheza tangu afiwe, akakanyaga vidole vya watu wanne. Argiro aliketi karibu na moto akaona baridi nzima ya mwaka ikimnyookea.

Ndipo Manousos alipoinua sahani ya viazi aongeze, akakuta bahasha chini yake. Ndani mlikuwa na noti, na juu yake mwandiko safi wa Theopisti: chakula cha watu kumi na wawili, pamoja na shukrani.

Mzee aliinua bahasha juu watu wote waione.

"Nani amefungua hoteli nyumbani kwangu?"

Kinanda kilinyamaza. Theopisti alisimama, uso umemwiva, akasema ni yeye, na kwamba hajawahi kula cha mtu bila kulipa, hata cha dada yake. Alidhani anajieleza. Kwa watu wa Prinari alikuwa anaongeza petroli.

Manousos hakupiga kelele. Aliiweka bahasha mezani, akachukua kiti chake, akatoka nacho uani, akakaa akiipa mgongo nyumba yake mwenyewe. Mtu yeyote wa huku angekuambia kwamba hiyo ni mbaya kuliko matusi. Kina mama wakaanza kutafuta viatu. Stratis alimtazama Argiro, na Argiro akaona kufuli machoni mwake.

"Kosa lilikuwa langu," Argiro anasema leo, akiupiga unga kibao. "Nilimwambia asitenge pesa. Sikumwambia asilete. Jambo hilo hapa hakuna anayeambiwa, mtu anazaliwa analijua. Nami kichwani mwangu Pireo nayo ilikuwa Prinari."

Alitoka kumbembeleza mzee. "Mzazi mwenzangu, wageni hawajui."

"Nimewalisha kama damu yangu, wananiwekea bakshishi kama mtumishi," Manousos alijibu, akiitazama milima. "Niache."

Argiro akarudi ndani, akamshika Theopisti mkono, akampeleka pembeni penye magunia ya maganda.

"Sikiliza, dada. Hapa pesa ikiharibu, pesa haitengenezi. Ukimkosea mtu kwenye mtambo wake, unamtungia beti. Mistari miwili tu."

"Beti! Mimi? Mimi nimetunga risiti tu!"

"Basi tunga risiti yenye vina. Nenda, nyama inapoa."

Theopisti alikunywa glasi moja, kavu, akajifunga skafu upya. Akatoka, akasimama nyuma ya kile kiti. Kina mama wenzake walijazana mlangoni wakishikana mabega. Alikohoa mara mbili, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayetangaza treni:

*Nimezoea dirisha, la kukatia tiketi,*
*Leo naomba ruhusa, bila nauli kuketi.*

Mgongo wa Manousos haukusogea. Halafu masharubu yakaanza kutikisika, kwanza upande mmoja, na mzee akajibu bila kugeuka:

*Gari langu ni la moshi, halidai hata senti,*
*Abiria akinuna, huyo hukatwa tiketi.*

Kelele iliyolipuka uani, Argiro anasema, iliwaamsha mbuzi wa kijiji cha pili. Manousos alisimama, akamkabidhi Theopisti kiti chake mwenyewe, akaingia ndani. Akaichukua ile bahasha mezani kwa ncha za vidole, akaja nayo mpaka kwa Argiro, akaitumbukiza kwenye mfuko wa aproni yake.

"Mwenye hoteli ni huyu," aliwaambia wageni. "Mkiona pesa inawawasha, lipieni kurudi."

Nao wakalipia. Februari, milozi ilipochanua, walikuja ishirini na watatu, vyumba vikawa havitoshi, wengine wakalala kwa Manousos na hakuna aliyethubutu kutaja bei. Machi wakaja ndugu zao. Hoteli Murnia haikufungwa hata siku moja.

Stratis sasa huwasimulia watu kwamba wazo la kupokea wastaafu wakati wa baridi lilikuwa lake. Argiro humwacha. "Mwanamume akikubali kununua kuni, mwache aseme atakalo," anasema.

Kuhusu kufuli, alimwomba bosi wake ampe, na akapewa. Liko nyumbani kwake, kwenye banda la kuku, ambao siku hizi wamefika ishirini na wanataga mayai yote ya waoga wa konokono.

Kwa mwaka huu ana mipango miwili. Wa kwanza ni pipa la pili la maji juu ya paa, ili na wanaooga asubuhi waache kupiga kelele. Stratis ameshakubali nusu, maana yake bado hajakataa. Wa pili anausema akiwa amegeukia tanuri, kama mtu anayeona haya kidogo. Theopisti amemwalika Pireo, siku nne, baada ya Pasaka.

"Sijawahi kulala hotelini nikiwa mgeni," anasema. "Nataka mtu aniulize mimi naoga saa ngapi. Theopisti ameshanipangia kila kitu, hata basi la kutoka bandarini. Ananiambia kwake nisilete pesa." Anacheka mpaka anashika ukingo wa meza. "Nitaiweka chini ya sahani, nione atafanyaje!"

Mikate inaingia tanurini, mlango wa chuma unafungwa. Argiro anajifuta mikono, na simu inalia. Ni yule kijana wa Athene, karatasi na kalamu vikiwa tayari, anauliza ile jioni ya tatu atenge kiasi gani.

"Usitenge kitu," Argiro anamwambia. "Na usilete kitu. Unanisikia? Hata senti moja isitoke mfukoni. Kuna mzee wangu hapa ana mtambo, mtakula kwake."

Kijana anasema ataona aibu kwenda kwa watu mikono mitupu.

"Nani kasema mitupu?" Argiro anaketi, kwa mara ya kwanza tangu kupambazuke. "Mkeo anajua kuimba? Wewe je? Hamna neno, mna siku tisa za kujifunza. Chukua hiyo kalamu yako, mwanangu, uandike mistari miwili, iwe na vina. Anza sasa, nakusikiliza."