Harlan na Daraja la Mwisho

Verlene Stuckey alikuwa akiketi mbele ya redio ya upepo ya kuwaitia askari wa kaunti nzima tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Masherifu wanne, wakuu wa polisi wa kaunti, waliingia kwa kura na kutoka kwa kura, yeye akabaki palepale na birika lake la kahawa. Alijua nani wa kuitwa wapi. Ndani ya mji, polisi wa mji. Mashambani, watu wa sherifu, waliokuwepo kabla mji wenyewe haujajengwa. Barabara kuu ni ya polisi wa jimbo, walioletwa magari yalipoanza kuwashinda mbio farasi wa sherifu. Na benki ikivamiwa, wanakuja wale wa serikali kuu, na makoti yao marefu, hawasalimii mtu.

Jumanne ile kiti hakikukalika. Mumewe Harlan, aliyekuwa polisi wa mji wa Pruett mpaka akastaafu, na ambaye sasa akili ilikuwa ikimtoroka kidogo kidogo, alikuwa ametoka na gari bila koti. Theluji ilishaanza kunusa mlangoni.

"Mjini hayupo, mama," polisi wa mji akasema redioni. "Nimefika hadi kibao cha mpaka wa mji. Mbele ya hapo si kwangu."

Wa jimbo naye: "Barabara kuu hatujamwona. Labda kaingia mashambani, na huko ni kwa sherifu."

"Si kwangu, si kwangu!" Verlene akafoka. "Mume wangu mmoja tu, mnamkatakata kama keki ya harusi?"

Kip Odegaard, askari wa sherifu, ndiye pekee aliyekuwa zamuni huko mashambani. "Mama Verlene, kaunti yote hii na mimi peke yangu. Nianzie wapi?"

Verlene akasimama. Akaketi. Akamimina kahawa, akaiacha ipoe. Yeye mwenyewe ndiye aliyewatuma wote mbali, akidhani aliyepotea hukimbilia mbali. Lakini Harlan lini alikwenda mbali? Miaka yote ya kufukuza walevi hakuvuka mpaka hata siku moja. Akifika daraja la kijito cha Sutter, mpaka wa mji wa siku zile, na mlevi keshavuka, alisimama, akawasha taa, akaita redioni ili watu wa sherifu wamkamate ng'ambo: "Verlene, wangu kavuka. Mpokeeni."

Sasa mji ulikuwa umemeza mashamba ya kina Hesse ng'ambo ya kijito, kibao kikahamishiwa kwenye maghala ya ngano, na daraja lile likaachwa kwenye njia ya vumbi isiyopitwa na mtu.

"Kip! Daraja la zamani la Sutter!"

"Lile? Si lilifungwa?"

"Limefungwa kwako wewe, si kwa Harlan. Kimbia!"

Verlene akazunguka meza, akazunguka tena, mpaka sauti ya Kip ikarudi.

"Yupo, mama! Taa kawasha, vidole vimekufa ganzi. Lakini kajifungia ndani, hatoki. Anasema anangoja watu wa kaunti."

"Na wewe ni nani?"

"Nimemwambia. Anasema kaunti haiajiri watoto."

"Msogezee redio dirishani."

Upepo ukavuma kwenye spika. Kisha sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe: "Verlene? Wangu kavuka. Nimengoja sana, bibie."

Verlene akatoa sauti ya kazini, ileile ya zamani. "Tumempokea, Harlan. Zamu yako imekwisha. Rudi nyumbani."

Kitasa cha gari kikalia.

"Haya," Harlan akasikika akisema. "Na huyu mtoto anajua kuendesha?"