Vigingi Alivyopikia Mama

Serikali ya Uganda ilitupa kiwanja Rubondo, kule kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na mama yangu akapikia ugali mipaka yake.

Afisa wa ardhi alipima kwa kamba, akachomeka kigingi kila pembe, akasema atarudi baada ya wiki mbili kukagua. Ambaye mpaka wake hautaonekana angehamishiwa mwisho wa kijiji, mbali na kisima, na kiwanja chake kingepewa wengine. Mama alimshukuru sana. Mchana uleule akaving'oa vigingi vyote vinne. Waliotutangulia walikuwa wamemaliza kuni hadi vichaka, na yeye alikuwa na watoto watatu waliotoka Kivu Kusini na njaa yao. Pembe alizijua kwa macho, alisema. Ugali ule ulikuwa mtamu, siwezi kumsingizia.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kirundi. Alilala chini ya turubai, lakini kabla ya kusimamisha hata nguzo moja alianza kupanda miyenzi kati yake na sisi. Huo ni mti wa ua, una utomvu mweupe unaounguza macho, kwa hiyo hakuna anayeukata kuni. Mama alinuna. Mtu akijenga ua kabla ya nyumba, alisema, anaogopa wezi, na hapa wezi ni sisi. Akaacha kumsalimia.

Mvua ikanyesha, majani yakapanda hadi magotini, na pembe za mama zikapotea. Kila asubuhi alizitafuta, kila asubuhi zikahama. Tulikuwa tumeshapanda maharage na kusimamisha fito za nyumba, nami niliogopa kweli. Mama akatufundisha kusema vigingi vililiwa na mbuzi. Kijiji kizima hakikuwa na mbuzi hata mmoja.

Afisa alipofika na kuuliza miti yake iko wapi, sisi watoto tulimtazama mama. Akainamisha kichwa.

“Shefu, ile miti nilipikiaka bugali.”

Afisa alifungua daftari lake pale kwenye jina letu. Ndipo jirani akapita katikati ya maharage, akamshika afisa mkono na kumpeleka kwenye miyenzi. Akamwambia mpaka ni pale, aanzie pale kupima. Afisa akapima, tukapata kiwanja chetu chote na hatua moja ya ziada. Kisha akapima cha jirani, na kikapungua hatua moja nzima. Akamwambia aing'oe miyenzi aisogeze upande wetu, maana alikuwa amejipunja mwenyewe.

“Nilijua,” alisema jirani. “Niliipanda ndani kwangu, juu ile maziwa yake isifike mu macho ya batoto bake. Acha ibakie.”

Mama aliona aibu, akalia mbele ya afisa na mbele yetu, kisha akaenda kumsalimia jirani kwa salamu za wiki mbili zote.

Siku hizi nashona nguo Ruti, pale Mbarara, na kila nikirudi Rubondo naikuta ile hatua moja haijalimwa. Mama hupanda maharage hadi ukingoni mwake na kuishia hapo. Imekuwa njia, na huwakuta wawili wale wamesimama ndani yake wakicheka, miyenzi imewapita urefu, na ugali wa mama unaungua jikoni.