Mama Musoki na Saa Iliyoikataa Simu

Saa ilifika Bunia ikiwa ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, na kiatu ndani ya mfuko wa msafiri aliyetoka Kampala. Aliyeituma ni Viviane. Alikuwa amesikia kwamba mama yake, Musoki, ametolewa plasta ya mguu na ameagizwa kutembea, na kwamba kila akiulizwa ametembea kiasi gani anajibu, "Nilitembea," basi.

Mama Musoki alikuwa na miaka hamsini na sita. Alizaliwa Butembo, akaja Bunia na mume wake aliyekuwa mchuuzi, na tangu mume afariki alikuwa akiishi kwa cherehani yake ya miguu katika mtaa wa Lumumba. Nusu ya mabulauzi yaliyosimama kwenye kwaya ya kanisa lao yalikuwa yamepita mikononi mwake. Kisha siku moja ya mvua pikipiki iliyombeba ikateleza kwenye tope, na mfupa wa paja ukavunjika.

Alikaa ndani miezi mitatu, akikanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Maumivu aliyazoea. Jambo aliloshindwa kulizoea ni vitambaa. Kwa kuwa hakuweza kufika sokoni, mkwe wake Sandrine ndiye aliyemnunulia, na Sandrine, pamoja na moyo wake mwema, alichagua kitambaa kwa macho. Musoki huchagua kwa vidole: hukikunja, hukivuta pembe kwa pembe, hukisugua kwa kidole gumba kilicholowa mate. Mara mbili wateja walikuwa wamemrudishia nguo zilizochuja rangi kwenye maji ya kwanza, na mara zote mbili aliifumua nguo yote, akaanza upya.

"Ukifikisha hatua elfu ine kwa siku bila mguu kuvimba, utaenda soko kwa miguu yako," Solange, mama wa hospitali aliyewafundisha wagonjwa kutembea tena, alimwambia. "Kabla ya pale, apana. Na usinidanganye, Mama Musoki. Bagonjwa bote banadanganya."

Kwa hiyo saa ilikuwa na kazi ya kufanya. Shida ni kwamba ilipowashwa iliandika Kichina.

Jirani yao Gustave alikuwa fundi wa simu, mwenye kibanda hatua chache kutoka lango la Musoki. Alikuja mwenyewe, kwa heshima, akakaa kwenye kiti cha wateja. Aliingiza kwenye simu ya Musoki ile application ya saa, akawasha Bluetooth, akaona jina la saa kwenye orodha, akaligusa. Simu ikasema imeungana nayo. Lakini alipofungua application, ikazungusha duara lake dogo muda mrefu, kisha ikaandika kwamba hakuna saa yoyote karibu.

"Telefone iko naiona," alisema Gustave. "Angalia hapa, Mama. Iko connectée."

"Kama iko naiona, juu ya nini hii ingine iko nasema hakuna saa?"

Gustave alizima, akawasha. Aliondoa application, akairudisha, na mega za intaneti za Musoki zikaisha. Siku ya pili alikuja tena, akafanya yaleyale kwa mpangilio mwingine. Mwishowe aliiweka saa juu ya meza taratibu, kama mtu anayerudisha kitu ambacho hakukivunja.

"Mama, mi naona balikutumia saa mubaya. Iko na ugonjwa wa ndani."

Viviane naye alipopiga simu kutoka Kampala alisema vilevile. "Mama, iache tu. Nitatafuta ingine."

"Usitume ingine," alijibu Musoki. "Hii, siye nayo hatuyaelewana bado."

Asubuhi iliyofuata aliosha mikono, akavaa miwani anayoitumia kutunga uzi kwenye sindano, akafungua lile boksi. Chini kabisa, chini ya waya wa kuchajia, palikuwa na kijitabu ambacho hakuna aliyekigusa. Herufi zake zilikuwa ndogo kama chawa, na lugha zilikuwa tisa. Kifaransa kilianza ukurasa wa thelathini na moja. Musoki alikisoma jinsi anavyosoma patroni ya kukatia koti: haruki mstari, hakati kitu kabla hajafika mwisho. Alipofika mwisho alirudi mwanzo na kalamu.

Ukurasa wa thelathini na tatu ulikuwa na mstari mmoja uliochapwa kwa weusi. Ulisema saa isiunganishwe kwenye orodha ya Bluetooth ya simu. Iunganishwe ndani ya application peke yake. Na kama mtu ameshaiunganisha vibaya, aende kwenye orodha ile, aiguse, achague neno *Oublier*.

Kusahau. Musoki alilisoma mara tatu. Basi saa haikuwa na ugonjwa. Simu ilikuwa imeishika mkono mapema mno, na haikutaka kuiachia.

Alifungua orodha, akaligusa jina la saa, akapata neno lenyewe. *Oublier*. Akaligusa. Akawasha localisation, ile ya kuonyesha mahali simu ilipo, kwa maana mstari uliofuata ulisema bila hiyo simu ni kipofu. Alibonyeza kitufe cha saa huku akihesabu kumi polepole, mpaka ikatetemeka na kuzaliwa upya. Ndipo akafungua application. Duara likazunguka. Jina la saa likatokea, likauliza kama ndiyo yenyewe, akajibu ndiyo, na hapo hapo kile Kichina kikapotea na saa ikaandika kwa Kifaransa safi: *Bonjour*.

"Bonjour, maman," alijibu Musoki, akiwa peke yake chumbani.

Application ilimwuliza urefu, uzito, mwaka wa kuzaliwa. Kwa urefu alijipima kwa utepe wake wa kazi, akiegemea mlango. Kwa uzito alisema kweli. Ilimpangia hatua elfu kumi kwa siku. Akazishusha hadi elfu mbili, bila haya.

Alitoka na gongo lake kuzunguka nyumba, akihesabu kwa mdomo. Alipofika mia tatu aliitazama saa. Ilisema arobaini na moja.

Mtu mwingine angelia. Musoki alisimama pale kwenye kona ya jiko akajitazama namna anavyotembea. Mkono wa kulia ulibana gongo. Wa kushoto, wenye saa, ulikuwa umeshika kitenge kiunoni. Hakuna mkono uliocheza. Kilichokwenda ni miguu. Basi saa ikae mguuni. Mkanda wake haukufika, lakini kukosa mkanda si jambo la kumsumbua mshonaji. Alikata lastiki pana, akashona mfuko mdogo wa kitambaa cha suruali wenye kidirisha cha kutazamia, akaufunga juu ya kifundo cha mguu usiovunjika. Akazunguka tena, akihesabu. Mia tatu zake. Mia mbili tisini na saba za saa. Zile tatu alizisamehe.

Gustave alipopita akamkuta anazunguka. Alipoonyeshwa simu, na baadaye ukurasa wa thelathini na tatu, alisoma kwa kidole, kisha akacheka kwa dhati.

"Nilifungua masaa kama hizi mingi, Mama. Sikusomaka kile kitabu hata siku moja."

Jambo moja tu lilimtia Musoki mashakani. Siku ya nne alishona sketi tano mfululizo, na jioni saa ikamsifu kwa hatua elfu tatu na mia nane. Alikuwa amekaa siku nzima. Ni kanyagio la cherehani lililotembea. Angeweza kunyamaza, namba ilikuwa nzuri na hakuna aliyejua. Lakini alipokwenda hospitali alimwambia Solange mwenyewe, na tangu siku ile, kila akikaa kushona, saa ilitundikwa kwenye msumari.

Solange alitazama nguzo ndogo za kijani zilizoonyesha hatua kwenye simu, siku baada ya siku, na ile moja ndefu ya uongo katikati.

"Mugonjwa wa kwanza wa kujishitaki," alisema. Akaandika kitu kwenye fishi yake, ile kadi ya hospitali, akitabasamu.

Elfu mbili. Elfu mbili na mia sita. Juma moja mguu ulivimba, akarudi nyuma, akakasirika, akaendelea. Gongo likabaki nyumbani siku moja, kisha siku mbili. Asubuhi moja ya Jumatano, baada ya siku saba za elfu nne na zaidi, Musoki alivaa kitenge chake kizuri, akamwambia Sandrine, "Leo nitanunua miye," akatoka langoni.

Alitembea kando ya barabara, upande usio na vumbi la malori yanayoelekea Mambasa. Alipumzika mara mbili. Watu waliomjua walimsalimia. Hakusimama sana, kwa maana alikuwa na safari. Alipoingia kwenye safu ya wauza vitambaa, muuzaji wake wa siku zote, Joséphine, aliinuka kitini.

"Mama Musoki. Ulikuja na pikipiki gani?"

"Na hizi mbili," alisema Musoki, akionyesha miguu.

Aliomba ile popelini ya bluu iliyokuwa juu kabisa. Aliikunja, akaivuta pembe kwa pembe, akalowesha kidole gumba. Hapo ndipo saa ikatetemeka kifundoni kumjulisha kwamba lengo la siku limetimia. Aliiacha itetemeke. Alikuwa anasugua rangi, na rangi ilikuwa inashika.

Alirudi kwa miguu vilevile, na mita sita za kitambaa kichwani. Gustave alikuwa anamngojea langoni na bwana mmoja mwenye boksi dogo mkononi.

"Huyu muzee saa yake inamukatalia," alisema Gustave. "Nikamwambia, fundi wa hizi ni weye."

Musoki alishusha kitambaa, akakaa, akanyoosha mguu.

"Kitabu iko wapi?" aliuliza.