Kumtaja Mume Wangu Jumuiyani

Mume wangu alizikwa jioni ya siku ileile aliyofariki, na mimi sikuwepo. Kwa Waislamu wa kwetu wanawake hawafuati jeneza, sembuse mke ambaye ni Mkristo. Nilikalishwa chumbani kwenye mkeka, kanga kichwani, nikasikia sauti za wanaume zikipungua kuelekea makaburini, halafu zikaisha. Waliobaki nami walikuwa wanawake wa upande wake, wakisoma maneno nisiyoyajua. Nikatafuta la kumwambia Mungu, nikakosa, maana kila sala ya marehemu niliyofundishwa ilitungwa kwa ajili ya watu waliobatizwa.

Tuliishi Nkowe, yeye akitengeneza baiskeli na baadaye pikipiki, mimi nikifundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu. Ndoa yetu ilikuwa ya mseto, kama wanavyoiita kanisani: padre alitoa ruhusa, kila mmoja akabaki na dini yake. Jumapili alinipakia kwenye baiskeli mpaka kigangoni, akakaa nje karibu na dirisha, akawa anaziba pancha za watu wakati misa ikiendelea. Alisikia mahubiri mengi kuliko wanakwaya, ambao hulala. Njiani kurudi alinichokoza, "Padre wenu leo kachemsha." Ijumaa ilikuwa zamu yangu ya kumpigia pasi kanzu. Ramadhani nilimpikia futari, na Kwaresima yeye aliacha nyama siku za Ijumaa kwa heshima yangu, akilalamika toka asubuhi mpaka jioni. Sikuona kwamba tunaishi na tatizo lolote.

Aliyeliona ni mama yangu. Mama alikuwa mtu wa Nachingwea, nyumba ya nyuma ya misheni, na kabla ya harusi alinionya: "Utalala na mtu huyo maisha yako yote, halafu siku ya mwisho kila mmoja na njia yake." Nilicheka. Siku ya mwisho ilikuwa mbali mno, na kijana mwenyewe alikuwa na meno mazuri.

Sasa sicheki. Tangu afariki nina swali moja tu, na silionei haya: nitamwona au sitamwona? Watu wengine wakizeeka huuliza mbinguni kukoje. Mimi nauliza nani atakuwepo. Watoto wetu wako Dar es Salaam na Mtwara, wanapiga simu Jumapili, wananiuliza kama nimekula. Nimekula. Hilo lingine hakuna anayeniuliza, nami siwezi kulianzisha kwenye simu ambayo salio lake linakaribia kwisha.

Upweke wangu una pande mbili, na huo ndio uchungu wake. Nilikaa eda, kwa sababu ndugu zake waliniomba na kwa sababu sikuwa na hamu ya kutoka. Nilipomaliza na kurudi kanisani nikakuta habari imenitangulia kwamba nimesilimu. Upande wa pili wa kijiji nao wanasikitika kwamba sijasilimu. Kote nimekuwa mtu wa kukaribishwa kiti na kutazamwa. Usiombe kukaribishwa kiti mahali ulipozoea kukaa bila kukaribishwa.

Siku moja nilipanda basi dogo kwenda Nachingwea, kwenye parokia nilikobatizwa na ambako sasa hakuna anayenijua, nikamuuliza padre. Padre kijana, mpole, mwenye simu mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho, na hilo namsifu. Halafu akasema, "Mama, tumwachie Mungu." Maneno hayohayo nimeyasikia yakisemwa juu ya pampu ya maji iliyokufa kijijini kwetu. Nilimshukuru, nikapita sokoni kununua sabuni ili safari isiwe ya bure, nikarudi nyumbani.

Niliyebaki naye ni wifi yangu. Huyu ni dada wa marehemu, mjane kama mimi, anaishi Mbekenyera. Kila msimu wa korosho huja na bodaboda, mfuko wa ufuta mapajani, akakaa kwangu mpaka tumalize kuokota. Ni mtu wa sauti kubwa na maneno mengi. Anaamini chakula changu hakina chumvi. Anaamini pia kwamba nitaungua, wala hanifichi.

"Wifi, silimu," huniambia tukiwa tumeinama chini ya mikorosho. "Ntu kasoma mpaka kawa mwalimu, jambo dogo hilo linamshinda?"

Mtu yeye humwita ntu, kama wazee wengi wa huku. Mara ya kwanza nilikasirika, nikamwachia shamba na ndoo yake. Jioni akanifuata jikoni, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo: "Ukifa hivyo ulivyo, kwetu hairuhusiwi kukuombea. Nitakaa tu, nimefunga mdomo. Ndiyo maana nakusumbua." Tangu hapo nikamwacha anisumbue.

Na mimi nilikuwa nimefunga mdomo, ila kwa upande wa mume wangu. Jumuiya yetu ni kundi la nyumba za Wakatoliki tunaosali pamoja kila Jumamosi asubuhi, kwa zamu, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mwishoni kila anayetaka hutoa ombi lake kwa sauti. Akimaliza husema, "Ee Bwana," na wote huitikia, "Twakuomba utusikie." Tangu mume wangu afariki sikuwahi kumtaja pale. Nilikuwa nikiombea "marehemu wote", nikimpitisha humo kama abiria asiye na tiketi. Nilichoogopa si Mungu. Niliogopa nimtaje halafu nisisikie jibu.

Zamu yangu ilinifikia mwezi wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Nilitandika mikeka, nikapanga viti sebuleni. Wifi akasema yeye atakaa uani na chai na mihogo, mambo yetu hayamhusu. Hayamhusu, lakini huyasikia yote, kwa kuwa mlango wa uani haufungi vizuri na mtu wa kuutengeneza hayupo tena.

Somo lilikuwa lile la mchungaji aliyewaacha kondoo wengine wote akamfuata mmoja aliyepotea. Kwa kawaida hapo kila mtu husema kidogo, tunakubaliana, tunaendelea. Safari hii alianza kijana wa zahanati, ambaye tunamwita daktari ingawa mwenyewe hukana. Ni mtu wa kusikiliza mahubiri kwenye simu.

"Naomba tuangalie hapa," akasema. "Huyu mchungaji hakutafuta mpaka achoke. Alitafuta mpaka akapata. Sasa Mungu atashindwa na kondoo? Mimi naamini mwisho wa yote hatabaki mtu nje. Wote wataokolewa."

Mwenyekiti wetu, mama mwenye mashine ya kusaga, akaweka rozari mapajani. "Wote? Hata wachawi?"

"Hata wao, wakishatubu."

"Na wasiotubu?"

"Watatubu, mama. Hata kama ni baada ya kufa. Mungu hana haraka."

"Basi mimi nafunga Kwaresima ya nini?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. "Natoa zaka. Naamka alfajiri. Nimemvumilia mlevi ndani ya nyumba kwa sababu ya sakramenti, ninyi wote mnajua. Halafu aliyechimba na aliyelala wagawane sawa? Hata kule Namungo, kwenye machimbo ya dhahabu, hawafanyi hivyo."

Kijana akamkumbusha wale vibarua wa shamba la mizabibu, walioajiriwa jioni wakalipwa sawa na wa asubuhi. "Na walionung'unika, mama, ndio sisi."

Hapo akawa amemtia chumvi kwenye kidonda. Mwenyekiti akapandisha sauti. "Na mbuzi wa mkono wa kushoto? Wameandikwa au hawajaandikwa? Mwanangu, nje ni nje. Ukisema na nje ni ndani, ukuta uliwekwa wa nini?"

Nilikuwa nimekaa mlangoni, nikiwatazama. Mwenyekiti nilimwelewa, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Miaka yote ile aliyovumilia, alihitaji iwe imelipa kitu ambacho wengine hawakukipata. Kijana naye aliniudhi kwa upande wake. Maneno yake ndiyo niliyotamani kuyasikia, lakini alikuwa akiwaokoa watu kwa wepesi wa mtu ambaye hajazika bado. Juu ya vichwa vyao, ukutani, kulikuwa na picha ya mume wangu, kanzu na barakashia, akitabasamu kama mtu anayesubiri wenzake wamalize. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walikuwa wanabishana kuhusu watu wa nje, wakasahau wamekaa kwenye viti vya nani.

Katekista, mzee wa sauti ndogo, alisubiri mpaka wakaishiwa pumzi.

"Kanisa limewataja watakatifu wengi kwa majina," akasema. "Halijamtaja hata mtu mmoja kwamba yuko motoni."

"Hata Yuda?" mwenyekiti akauliza.

"Hata Yuda. Lakini pia halijasema kwamba moto hauna mtu. Kutumaini tunaruhusiwa. Kuahidi haturuhusiwi."

"Sasa mtu afanye nini?"

"Aombe," akasema katekista, akafungua ukurasa wa maombi. Hakuna aliyeridhika, hata mimi.

Wakaanza. Mmoja akaombea mvua. Mwingine akaombea bei ya korosho, tukaitikia kwa nguvu zote. Mwenyekiti akamwombea mumewe aache pombe, nasi tukaitikia kwa nguvu vilevile, maana huyo tumemwombea mpaka tumezoea. Halafu nikasikia sauti yangu. Sikuwa nimepanga. Nadhani ilikuwa hasira, kwa sababu sina ushujaa wa aina nyingine.

"Namwombea mume wangu," nikasema, nikataja jina lake na jina la baba yake, yote mawili ya Kiislamu, hayafichiki. "Umpokee. Na kama kuna mlango kati yetu, usiufunge. Ee Bwana."

Kwa kawaida jibu lile halisubiri, linatoka lenyewe. Safari hii halikutoka. Mwenyekiti alimtazama katekista. Katekista alikuwa anatafuta miwani yake, nayo ilikuwa usoni. Kijana wa zahanati, aliyewaokoa watu wa dunia nzima muda mfupi tu uliopita, alimtazama mwenyekiti aone kama inafaa. Nikajua kwamba nilichokiogopa miaka yote ndicho hiki, na kwamba sasa nimekifanya cha kweli kwa mdomo wangu. Nimewahi kukaa peke yangu kwa namna nyingi, lakini sijawahi kuwa peke yangu kama pale, nyumbani kwangu, katikati ya watu wanaonipenda.

"Twakuomba utusikie!"

Sauti ilitoka uani. Ilikuwa kubwa, ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya shamba. Watu wakageuka kutazama mlango. Kisha katekista akaitikia, kijana akafuata, na wengine wakaja nyuma, mmoja huku mmoja kule, hovyo kabisa. Mwenyekiti aliitikia wa mwisho. Niliangalia midomo yake, na aliitikia.

Chai ilinyweka haraka. Mwenyekiti alikunywa yake amesimama, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. "Mwalimu, sikumkusudia yeye," akasema.

"Najua," nikamjibu. "Lakini ni yeye."

Akainamisha kichwa, akafunga kanga vizuri, akaenda kufungua mashine yake. Siwezi kusema tulipatana, wala siwezi kusema tuligombana.

Walipokwisha kuondoka nilikwenda uani. Wifi alikuwa amechuchumaa akiosha vikombe, akivigonganisha ovyo kama kawaida yake.

"Kwani mle ndani mlilala?" akaniuliza bila kuinua kichwa. "Ntu anamwombea kaka yangu, ninyi mmenyamaza!"

"Unajua ulichokiitikia?"

"Nilisikia jina la kaka yangu. Nilisikia na 'Ee Bwana'. Kila siku mkisema hivyo mnaitikia. Leo mmesahau, nikawasaidia."

Nilikaa kwenye kigoda karibu naye. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, na kwa umri wangu vyote viwili vinachosha. Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha vikombe. Alinipa kimoja, nikakikausha. Akanipa kingine. Kisha nikamuuliza lile ambalo sikumuuliza padre wa Nachingwea, wala katekista, wala mtu yeyote.

"Wifi, na siku watakaponitaja mimi, utaitikia?"

Mikono yake ikasimama ndani ya maji. Akaniangalia, mara ya kwanza asubuhi ile, macho mekundu kwa moshi au kwa jambo lingine.

"Usife kwanza," akasema. "Nitauliza."

Ni misimu miwili ya korosho sasa. Kila akija namtazama akishuka kwenye bodaboda, na yeye huanza kunikemea kuhusu chumvi kabla sijamsalimia. Jibu hajaleta, na mimi sijafa.