Pemba Juu ya Malata

Mtoto wangu wa kwanza aliishi siku tatu. Alizaliwa na mgongo wazi, pale chini karibu na kiuno, na mimi ninayefundisha biolojia katika sekondari moja ya Katuba nilijua jina la ugonjwa kabla mkunga hajafungua mdomo. Kujua jina hakukunisaidia kitu. Nilitaka sababu, na niliitaka kwa hasira, maana bila kuijua nisingethubutu kubeba mimba nyingine.

Sababu ya kwanza kutajwa ilikuwa nyuma ya ukuta wetu. Tulikaa mtaa wa Bel-Air, karibu na kiwanda cha kuyeyusha mawe ya madini, ambacho moshi wake uliingia hadi kwenye sufuria. Mwezi mmoja baada ya msiba majirani walimwita msemaji wa kiwanda lupangoni kwetu, yaani kwenye ua wetu, wakamwambia moshi wao unaua watoto. Bwana yule alisikiliza, shati jeupe limenyooka, kisha akasema kwa upole wa kuudhi: "Banamuke ba hapa banakula udongo. Muangalie kwanza ile munatia mu kinywa."

Watu wakamzomea. Mimi sikuzomea, kwa sababu hakusema uongo. Tunakula pemba, ule udongo mweupe ambao mjamzito akiukosa hasinzii. Nikasimama, nikawauliza wanawake ni nani kati yetu hakuila akiwa na mimba. Hakuna mkono ulioinuka. Waliozaa watoto wazima waliila, waliozika waliila. Wengine walifurahi, wakidhani nimeitetea pemba. Wapi! Wote tunakula pemba na wote tunavuta moshi. Kwa ushahidi wa namna hiyo huwezi kumkamata mmoja na kumwachilia mwenzake. Nimelifundisha jambo hilo miaka tisa.

Basi nikaipeleka pemba yenyewe kupimwa. Yangu haikutoka sokoni. Kwa ukoo wa mume wangu, mke wa mtoto akipata mimba ya kwanza, mama mkwe humchimbia pemba kwa mikono yake na kumletea. Ukiikataa umemkataa yeye. Mama mkwe wangu aliichimba kijijini kwake Lukafu, kando ya shamba lake la mahindi, akasafiri nayo juu ya lori la makaa, mfuko magotini. Vipande kadhaa vilikuwa vimebaki. Nilimpa fundi wa labo ya madini niliyesoma naye, akapima. Ilikuwa na kobalti na risasi, madini ya sumu, kupita kiasi.

Nitasema ukweli: nilipata nafuu. Nilikuwa na mtu wa kulaumu, tena alikuwa nyumbani kwangu, hajarudi kwake tangu matanga. Nilimkuta uani anachambua sombe, majani ya mihogo.

"Mama," nikamwambia, "ile pemba yako njo iliua mutoto."

Alimaliza kuchambua, akaosha mikono, akakunja vitenge vyake, na kulipokucha hakuwepo. Mume wangu alikuwa amepata vyumba viwili Katuba, mbali na moshi. Nikamwambia tusijisumbue kuhama, mkosaji ameshapatikana. Nikaacha pemba kabisa, tukabaki palepale, na hapo, nikijiona mwenye akili kuliko ukoo mzima, nikashika mimba ya pili.

Jumapili moja, mvua ikiwa imepusa, nilimwona jirani yangu, naye mjamzito, amepanda kiti. Alikuwa anapanga vipande vya pemba juu ya malata, mabati ya paa la jiko lake. Nikamuuliza anafanya nini, kama vile mimi mgeni wa mji huu.

"Ikauke, Madamu. Ikibakia na maji itashika ukungu."

Nilijua. Sisi sote hufanya hivyo majira ya mvua, kwa kuwa juu ya malata jua halikosekani na kuku hawafiki. Hata ile yangu ilikaa pale wiki tatu, na aliyeipanga ni mimi.

Nilikwenda kwenye jiko langu, nikanyoosha mkono, nikapitisha kidole juu ya malata. Kilirudi cheusi kwa vumbi la moshi. Nikakaa kwenye tope na nguo yangu ya kanisani. Mwanafunzi angeniletea kitu kilicholala nje wiki tatu chini ya moshi, kisha akaniambia uchafu wake umetoka kilikochimbwa, ningempa sifuri na kumwita mzazi wake. Mimi nilikuwa nimempa sifuri mama mkwe.

Sasa ilibidi niombe msaada kwa mtu yuleyule. Nilipiga simu mara nne bila kujibiwa; ya tano akapokea. Kwa aibu sikuomba msamaha. Nilisema tu ninahitaji pemba ya shimo lilelile, ndani ya kopo lililofungwa vizuri.

"Nitatuma," akasema. Hakuuliza ya nini.

Kopo lililetwa na dereva wa lori, kifuniko kimefungwa kamba mara mbili. Nilivunja bonge katikati. Nusu moja ilikwenda labo siku hiyohiyo. Ya pili niliiacha juu ya malata wiki tatu, nayo ikafuata. Majibu niliyapokea shuleni, wakati wa mapumziko: nusu ya kwanza ilikuwa safi, ya pili ilikuwa sawa na ile ya zamani.

Majirani waliishangilia karatasi. Walitaka iandikwe kwamba kiwanda kimemuua mtoto wangu, imehakikishwa. Nikawaambia taratibu. Karatasi inasema sumu ya kwenye pemba ilishuka kutoka hewani, haikutoka Lukafu. Maneno ya yule msemaji wa kiwanda imeyadhoofisha sana. Lakini ni nini kilichoacha wazi mgongo wa mwanangu, hilo haikulisema, na mimi siwezi kulisema badala yake. Mmoja akaniuliza kwa ukali niko upande wa nani. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikapiga simu Lukafu.

"Mama, unisamehe. Haikukuwa udongo yako. Ni vumbi ya hapa. Miye njo nilikosa."

"Ile shimo nilikuwa nimeifukia," akasema. "Siku uliomba, nikaifukua tena na jembe. Nililia mule ndani." Kisha akauliza: "Banasema uko na mimba. Iko na myezi ngapi?"

"Ine, Mama."

"Ine tu? Basi Mungu iko. Kuya huku, kesho, usingoye bwana yako. Huku hakuna moshi. Mutoto atajengeka muzuri, bado wakati iko."

Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya mwezi wa kwanza, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Kila mwaka ninaliandika ubaoni na kulipigia mstari. Katika miezi yangu ile minne, wa kwanza niliumaliza Bel-Air, madirisha wazi kwa sababu ya joto, moyo wangu umetulia kabisa.

"Ndiyo, Mama," nikamwambia. "Bado wakati iko."