Lutuku ya Mama Lise

Pale Kamina, upande wa kwenda Base, kambi ya jeshi, hakuna aliyebisha kwamba lutuku safi, ile pombe kali ya mahindi, ilikuwa ya Salomé. Alifundishwa na mama yake huko Kabondo-Dianda: mahindi yalowekwe mpaka yachipue, yaanikwe kwenye mkeka, yatwangwe, kisha yachanganywe na unga wa muhogo na kuachwa yachachuke. Pipa likishawekwa motoni, aliziba viungo vya mrija wa shaba kwa bukari, ugali laini, ili mvuke usipotee. Matone ya kwanza aliyamwaga chini, kwa kuwa mama yake alimwambia yanapofusha macho. Wauzaji wengine walimcheka kwa hasara hiyo, yeye akaendelea kumwaga.

Mwonjaji wake alikuwa mume wake, Mulumba, askari mstaafu aliyezaliwa Kasai. Alikuwa akiweka kijiko mdomoni, anafumba macho, kisha anasema kama mahindi yalianikwa kwenye mkeka au kando ya barabara, na hakukosea. Walikuwa wakicheka sana siku hizo. Lakini tangu aliporudi kutoka vita vya mashariki, kijiko kiligeuka kikombe, na kikombe kikageuka chupa. Jumapili moja alianguka mlangoni mwa kanisa la Metodisti, mbele ya wanafunzi wa binti yao Lise, ambaye ni mwalimu.

"Mama, acha ile kazi," Lise alimwambia huku akilia. "Papa atakufa mu mikono yetu."

Kesho yake Salomé alimpa fundi wa radiateur za magari mrija wake wa shaba, akalipindua pipa nyuma ya nyumba, na mbele ya Mungu akaapa kwamba basi.

Mulumba hakugomba. Alimfuata jikoni kwa upole, kama mgeni anayeomba maji.

"Unipikie kidogo tu, Mama Lise. Ile ya bengine inaniunguzaka tumbo."

"Nimeshaambia Mungu nimeacha, Papa Lise. Usinilombe tena."

Akaacha kuomba. Akaanza kutoka asubuhi, kwenda kwa mtu mmoja aliyeuza lutuku karibu na reli, aliyekuwa akikazia pombe yake kwa maji makali ya kwenye bidon la plastiki, spiriti ya kiwandani isiyo ya kunywa. Salomé aliijua harufu hiyo kwenye shati la mumewe. Alifua shati, akalianika. Alidhani Mulumba akichoka kuumwa tumbo ataacha mwenyewe.

Asubuhi moja, jua likiwa limejaa chumbani, Mulumba aliketi kitandani, akageuza uso huku na huku.

"Mama Lise, fungula dirisha."

"Iko wazi."

"Basi juu ya nini kuko giza?"

Salomé alipitisha mkono mbele ya macho yake. Hayakupepesa. Alimbeba mgongoni mpaka barabarani, yeye mwanamke mwembamba, akamweka kwenye pikipiki ya abiria, akaketi nyuma yake amemkumbatia asianguke. Hospitalini Mulumba alishika kidole cha Salomé kama mtoto, akawa anauliza kama Lise amefika. Lise alipofika, baba yake hakuuliza tena; alikuwa ameshakata roho.

Dada wa Mulumba, Marceline, alikuja mazishini kwa treni kutoka Mwene-Ditu. Alitaka lutuku ya kummwagia ndugu yake kaburini, na akataka ipikwe na Salomé.

"Alikuwa anasifuaka pombe yako kila mara," alisema. "Umufanyizie hii ya mwisho."

"Sitaweza, yaya, dada yangu. Alinilomba yeye mwenyewe, nikakatala. Sasa nimupikie akiwa chini ya udongo?"

Marceline alimtazama, akamvuta kifuani, wakalia pamoja. Matanga yakapita kwa chai. Askari wenzake wa zamani walikunywa kikombe kimoja kimoja, wakaaga mapema.

Watu walipotawanyika, mama na binti walibaki uani wakiosha vyombo. Lise alisugua kikombe kimoja, akakisuuza, akaanza kukisugua tena.

"Mama, ni minyi mwenyewe nilikuambia uache. Angekunywa yako, angekuwa muzima?"

Salomé alijua jibu: yake haikuwahi kumpofusha mtu hata mmoja. Alikuwa amelilalia na kuamka nalo tangu hospitalini.

"Hapana, mwana wangu," alisema. "Hata yangu ingemuua."

Lise aliinamisha kichwa, mabega yake yakalegea. Salomé alimwondolea kile kikombe taratibu, akamwambia aingie ndani apumzike, naye akabaki peke yake na karai la maji machafu, akilia bila sauti ili mtoto asisikie.